Badiliko la Kumi na Tatu

Mabula alitolewa shimoni Jumanne asubuhi, saa tano kasoro robo, akiwa hajitambui. Wachimbaji wadogo wa upande wa Bulyanhulu huliita shimo la namna ile duara, na duara hilo lilikuwa la Mama Asteria, mwenyekiti wa kikundi chao. Walimvuta kwa kamba ya winchi, wakamlaza kivulini, wakampepea kwa shati lake mwenyewe mpaka akakohoa. Alipofumbua macho hakuuliza yuko wapi.

"Mbona kengele haikulia?" alisema.

Kengele aliyoitaja ilikuwa kisanduku cha kupima hewa, kilichofungwa ndani ya kibanda cha mlinzi, na waya wake mrefu ulishuka hadi chini kabisa ya duara. Hewa ikichafuka, kisanduku kilitakiwa kupiga kelele ya kuamsha kijiji. Siku hiyo kilinyamaza.

Programu iliyokiendesha iliandikwa Shinyanga mjini, katika ofisi ya kijana mmoja aitwaye Donatus. Toleo jipya lilikuwa limewekwa Jumamosi tu. Donatus alipopigiwa simu alifungua kompyuta yake. Yeye na wafanyakazi wake wawili, Aneth na Wilbard, walihifadhi kazi yao yote katika programu iitwayo Ghala. Ghala ilitunza kila badiliko: nani kaliandika, lini, na kabla yake palikuwa na nini. Muhtasari wa Ghala ulisema kwamba toleo la Jumamosi lina mabadiliko kumi na matatu. Donatus akafungua orodha yenyewe, akahesabu. Kumi na mawili. Akahesabu tena kwa kidole, kama mtoto wa darasa la kwanza. Kumi na mawili.

"Kuna mtu kafuta badiliko moja," alisema. Na mtu wa mwisho kugusa toleo lile alikuwa Aneth.

Mama Asteria hakutaka maelezo marefu. Alitoa muda hadi Jumatatu. Wamtaje mhusika, la sivyo vijana wake wang'oe visanduku katika maduara yote, na binti huyo apelekwe polisi.

Ndipo Donatus alipomkumbuka Mzee Telesphori.

Telesphori alikuwa mpelelezi wa polisi kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Sasa alifuga kuku wa mayai pembezoni mwa mji, na hakuwa na haja na mtu. Lakini marehemu baba yake Donatus alikuwa rafiki yake, hivyo Ijumaa asubuhi alivaa koti lake la kijivu akaenda. Aliomba chumba, viti viwili na chai. Wa kwanza kuingia alikuwa Aneth, binti wa Kishapu, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Kaa. Unajua kwa nini nipo hapa?"

"Najua. Umekuja kunishika."

"Nilishastaafu kushika watu. Nimekuja kuuliza. Hilo badiliko lililopotea lilikuwa la nini?"

"Hiyo ndiyo shida, mzee. Halijulikani. Ningeambiwa nimeiba ng'ombe, angalau ningeambiwa rangi yake. Mimi naambiwa nimefuta kitu ambacho hakuna anayekumbuka kukiandika."

Telesphori aliweka kikombe chini. Katika maisha yake yote ya kazi hakuwahi kusikia kesi ya wizi ambayo mwenye mali hajui alichoibiwa.

"Nakala zenu zinasemaje?"

"Yangu ina mabadiliko kumi na mawili, ya Wilbard vilevile. Bosi anasema tulizichukua baada ya kufutwa."

"Na kile kipande kinachoamuru kengele ilie?"

"Kipo. Nimekisoma mpaka nimekikariri. Nimekijaribu hapa mezani kwenye kisanduku kingine, kinalia. Lakini nani ataniamini? Mama yangu mwenyewe alinipigia jana, akaniambia nikiri ili yaishe." Hapo akainama, akajifuta kwa kiganja.

Wilbard alipoingia alikaa kabla ya kukaribishwa. Alikuwa kijana mtanashati, mwepesi wa kutabasamu.

"Jumapili, siku moja baada ya toleo kuwekwa, ulikuwa wapi?"

"Nyumbani Ushirombo, mzee. Nilisali, nikashinda na wazazi."

"Vizuri. Mimi pia kwetu ni Ushirombo. Misa ya kwanza au ya pili?"

"Ya pili."

"Jumapili ile hapakuwa na misa ya pili," Telesphori alisema taratibu. "Parokia nzima ilikwenda kwenye mazishi ya katekista, na mimi nilikuwepo. Haya, tuanze upya."

Tabasamu likayeyuka. Wilbard alitazama mlango, akatazama mikono yake. Kwa muda Telesphori alidhani amempata mtu wake. Kijana alikuwa na ufunguo wa Ghala kama Aneth, na alikuwa amedanganya.

"Nilikwenda Mwanza," alisema hatimaye. "Kwenye usaili wa kazi, waliupanga Jumapili. Bosi asijue, nakuomba. Alinichukua nikiwa sina hata viatu vya maana, mzee. Ningemwambiaje kwamba natafuta pengine?"

Alitoa simu, akaonyesha picha aliyopigwa getini kwa kampuni hiyo, na tiketi ya basi ya kwenda na kurudi. Telesphori alipiga simu mbili za kuhakiki. Ilikuwa kweli. Tena aliyempokea Mwanza alisema kijana alikaa nao kutwa, kwenye chumba ambacho simu na kompyuta za wageni huachwa mapokezi. Wilbard alikuwa amemtoroka bosi wake, si sheria.

Jumamosi Telesphori alikwenda machimboni. Vumbi la makarasha, zile mashine za kusagia mawe, lilikuwa limetanda juu ya kila kitu, hata juu ya mashavu ya watoto waliouza maandazi. Alimkuta Mabula amekaa kitandani, sauti bado imekwaruza.

"Nani alikuwa juu ulipokuwa unashuka?"

"Maganga, mlinzi. Yeye ndiye mwenye kibanda na winchi."

"Alikuwa akifanya nini?"

Mabula alitabasamu kidogo. "Alikuwa anacheka na simu, mzee. Anaruka-ruka kama ndama. Mke wake alikuwa zahanati, nadhani ndiyo alikuwa anapewa habari. Nilimpigia makofi, nikavaa kamba, nikashuka."

Mama Asteria alimsindikiza hadi kibandani, akinung'unika njia nzima.

"Watu wa kompyuta hawa! Na mlinzi wangu naye siku ile alikuwa hapatikani. Toka saa moja asubuhi nampigia, simu imezima. Huku hatuna umeme, baba. Simu inapelekwa senta, kule madukani, kuchajiwa, inalala huko kutwa nzima."

"Aliipeleka senta?"

"Angeondokaje? Ana zamu."

Maganga mwenyewe alikuwa mtu mzima kidogo, mrefu, mwenye adabu. Aliinuka, akasalimia kwa mikono miwili.

"Siku ile ulibanduka hapa?"

"Hata hatua moja, mzee. Kisanduku kilikuwa kinawaka taa yake ya kijani. Sasa kama wataalamu wenyewe wanasema programu ilichezewa, mimi mlinzi nitajua nini?"

"Nasikia una mtoto."

"Wa kike. Justa alijifungua salama, Jumanne hiyohiyo." Uso wake ulichanua, halafu ukajifunga ghafla kama mlango uliopigwa na upepo.

Telesphori alimpa hongera. Kisha akavaa miwani, akakitazama kisanduku. Kilikuwa na betri ndani, ikijazwa na paneli ndogo ya sola juu ya paa. Kifuniko kilishikwa na skrubu tatu, na kidirisha cha betri kwa ya nne. Tatu zilikuwa safi. Ya nne kichwa chake kilikuwa kimekwaruzwa, kimekatwa mstari katikati. Alimuaga Maganga, akarudi Shinyanga kwa basi, amezama katika mawazo mpaka kondakta akamuuliza kama anaumwa.

Jumapili baada ya misa aliwaita Donatus, Aneth na Wilbard ofisini.

"Nimehoji watu wote," alisema. "Wawili kati yao wamenidanganya, na mmoja nimemsamehe. Lakini kuna shahidi mmoja hamkuniruhusu kumhoji. Huyu hapa." Akaigonga kompyuta kwa kucha.

Donatus alicheka kwa uchovu. "Mzee, hiyo ni Ghala. Kompyuta haikosei kuhesabu."

"Huyu ndiye pekee aliyesema kumi na tatu. Watu wote wanasema kumi na mbili, na orodha yenyewe inasema kumi na mbili. Kwa miaka yangu yote, shahidi mmoja akipingana na wengine wote, nilimuuliza kwanza mambo ambayo majibu yake nayajua. Aneth, tengeneza ghala dogo la bandia. Weka mabadiliko matatu."

Aneth aliandika upesi. Muhtasari ukasema matatu.

"Ongeza mawili."

Matano. Donatus alikunja mikono kifuani, kana kwamba anasema, unaona?

"Sasa niambieni," Telesphori aliendelea, "toleo la Jumamosi lilitofautiana na mengine kwa lipi? Si kilichomo. Namna mlivyolitengeneza."

Wilbard ndiye aliyejibu, akiwaza. "Zamani tulikuwa tunafuatana, mmoja akimaliza mwingine anaanza. Safari hii kazi ilikuwa nyingi, kila mtu akaenda kwenye tawi lake, yaani njia yake ya pembeni. Halafu Aneth akayaunganisha matawi mawili yakawa kitu kimoja."

"Mlishawahi kuunganisha hivyo kabla?"

Walitazamana. Hawakuwahi.

"Fanyeni hivyo humu."

Aneth alifungua tawi moja, akaweka badiliko moja. Wilbard akafungua tawi lake, akaweka moja. Kisha wakayaunganisha, na muungano wenyewe nao huandikwa kama badiliko. Matano ya mwanzo, moja, moja, na fundo la kuunganisha. Telesphori alihesabu kwa vidole akawaonyesha: manane.

Muhtasari ukasema tisa.

Aneth alifunika mdomo kwa mikono miwili. Donatus alivuta kiti, akakaa mbele ya kioo, akafungua orodha. Manane. Akarudi kwenye muhtasari. Tisa. Akafuta kila kitu, akafanya upya kwa mkono wake mwenyewe, na Ghala ikadanganya tena kwa uhodari uleule.

"Inalihesabu fundo mara mbili," Aneth alisema, sauti ikitoka kwa mbali. "Inatembea kwenye tawi la kwanza mpaka kwenye fundo, inalihesabu. Inarudi kwenye tawi la pili mpaka kwenye fundo, inalihesabu tena."

"Kwetu," Telesphori alisema, "wachungaji wawili wakihesabu mifugo kwa njia mbili zinazokutana langoni, dume lililosimama langoni kila mmoja atalitia katika hesabu yake. Jioni mtasema ng'ombe mmoja kaibwa, na mtampiga mtu asiye na hatia. Hapa hakuna kilichofutwa, Donatus. Badiliko la kumi na tatu halijawahi kuzaliwa."

Aneth alilia hapo, kilio cha kwanza cha sauti tangu Jumanne. Wilbard alisimama nyuma ya kiti chake asijue aweke wapi mikono.

"Basi kama programu ilikuwa nzima," Donatus alisema baadaye, "mbona kengele haikulia?"

"Hilo ndilo swali aliloliuliza Mabula, na ninyi mkaliacha mkakimbilia namba. Aneth, skrubu za kisanduku kile nani alizifunga?"

"Mimi, Jumamosi ile. Zilikuwa mpya, zote nne."

"Kwa kutumia nini?"

"Bisibisi ya nyota. Nyingine haiingii."

"Moja imefunguliwa kwa kisu," alisema Telesphori.

Jumatatu, saa nne asubuhi, walikusanyika mbele ya kibanda: Mama Asteria, Donatus, Aneth, Wilbard, na Mabula aliyekuja polepole akijishika mbavu. Wachimbaji wengine walisimama pembeni. Maganga aliletewa kiti, lakini hakukaa.

"Maganga," Telesphori alianza, "Jumanne simu yako ilikuwa imezima toka saa moja asubuhi. Ni kweli?"

"Ni kweli, mzee."

"Hukwenda senta."

"Sikwenda."

"Saa nne na ushee Mabula alikukuta unaongea na simu hiyohiyo, unacheka. Chaji uliitoa wapi?"

Maganga aligeuka kukitazama kisanduku.

"Kwenye kibanda hiki kuna betri moja tu," Telesphori alisema bila kupandisha sauti. "Imo ndani ya kisanduku kile. Skrubu moja ina alama ya kisu. Nionyeshe kisu chako."

Maganga alikitoa mfukoni mwenyewe. Ncha yake ilikuwa imepinda. Akakiweka chini mbele ya Mama Asteria, na yeye akapiga magoti kando yake.

"Justa alishikwa na uchungu tangu Jumatatu usiku," alisema. "Mtoto wetu wa kwanza alifia njiani, mnajua. Nesi aliniambia, Maganga, simu iwe wazi, huenda tukahitaji gari la kumkimbiza. Ikazima. Nikachomoa betri, nikaiunga kwenye simu. Nilisema ni kwa muda mfupi, watu walikuwa kwenye chai, duara lilikuwa tupu. Halafu nesi akapiga, akasema mtoto wa kike, wote wazima. Nikasahau dunia. Mabula ananipita, ananipigia makofi, anashuka, na mimi betri bado iko mkononi mwangu."

"Ukairudisha wakati wanamvuta," alisema Telesphori.

"Nikairudisha. Nilikuwa nimejiandaa kusema, mzee, naapa. Jioni ile nilikuwa nakwenda kwa Mama. Ikaja simu kutoka mjini kwamba wataalamu wamegundua, kuna mtu kafuta kitu, wana ushahidi wa namba. Nikasema basi, labda hata ningeiacha betri isingelia. Labda si mimi. Kila siku nikajiambia hivyo." Akamgeukia Aneth, lakini macho hayakupanda. "Binti, nilijua jina lako limetajwa. Nilijua."

Wachimbaji walianza kunguruma. Mmoja alisema apelekwe kituoni, mwingine akasema asifike huko akiwa hai. Mama Asteria aliinua mkono, wakanyamaza, wote wakimtazama Mabula, kwa kuwa pumzi iliyokaribia kukatika ilikuwa yake.

Mabula alimsogelea Maganga.

"Mtoto anaendeleaje?" aliuliza.

Maganga aliitikia kwa kichwa kwamba ni mzima.

"Basi nimshukuru Mungu kwa wote wawili," Mabula alisema. "Mimi sina kesi. Lakini asinishikie tena kamba."

Mama Asteria alikata shauri palepale. Maganga ataondolewa ulinzi, atafanya kazi ya kuosha mchanga wa dhahabu mwaloni, kwenye mabwawa ya kuoshea, pamoja na wanawake, mbele ya macho ya watu. Kikundi kitanunua paneli ya kuchajia simu, ili mtu asilazimike tena kuchagua kati ya mke wake na wenzake. Hilo la mwisho alilisema kwa sauti ya chini, kwa sababu ombi la paneli lilikuwa limeshafika mezani kwake kabla, naye alikuwa amelikalia.

Donatus naye alisimama mbele ya umati ule wa watu waliojaa vumbi. Hakuwa mzoefu wa kuomba radhi, ilionekana.

"Aneth, nilikuhukumu kwa namba ambayo sikuihoji. Mbele ya watu nilikutaja, mbele ya watu naomba msamaha."

"Nimekusamehe," Aneth alisema. Kisha akaongeza, "Ila utampigia mama yangu wewe mwenyewe."

Watu wakacheka, na kicheko kile kilikuwa kama mvua ya kwanza.

Ghala haikuwa mali ya kampuni. Iliandikwa na watu wa kujitolea waliotawanyika duniani, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma. Aneth aliusoma siku mbili. Kosa alilikuta mahali padogo mno: programu haikujiuliza kama badiliko limeshahesabiwa kabla ya kulihesabu. Alilirekebisha kwa mistari michache, Wilbard akaandika majaribio ya kuthibitisha, wakatuma rekebisho hilo. Watunzaji wa Ghala walijibu kwa heshima, wakalipokea, wakamshukuru kwa jina.

Wiki iliyofuata ukaingia ujumbe mwingine, wa mtu asiyemjua, kutoka nchi ambayo Aneth hajawahi kufika. Alimtafsiria Telesphori kwa simu, akisimama-simama. Mtu huyo aliandika kwamba ofisini kwao namba hiyohiyo iliwagombanisha. Rafiki yake alishukiwa, akaacha kazi, wakaacha kusalimiana. Sasa amemtumia rekebisho la Aneth, bila maneno, na rafiki yake amepiga simu. Walikuwa hawajaongea kwa muda mrefu sana.

"Namba moja tu, mzee," Aneth alisema. "Moja."

Wilbard aliipata ile kazi ya Mwanza. Alimwambia Donatus ana kwa ana, na Donatus alimnunulia viatu.

Jumamosi moja, Telesphori akiwa anaokota mayai, mwanamke wa makamo alisimama mlangoni kwake na mfuko wa michembe kichwani, viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa, na karanga juu yake. Alikuwa ametoka Kishapu kwa basi la alfajiri. Aliutua mfuko, akapiga magoti kwa desturi ya Kisukuma.

"Mimi ni mama yake Aneth," alisema. "Nilimwambia mwanangu akiri kosa ambalo hakulifanya. Wewe ambaye hukumzaa ukamwamini. Wabeja, baba. Wabeja gete," akamshukuru kwa Kisukuma.

Kwa miaka mingi Telesphori alikuwa amewarudishia watu ng'ombe, baiskeli, na mara moja mtoto. Wengi walichukua chao wakaenda, naye hakuwalaumu, kwa kuwa ilikuwa kazi yake. Sasa alikitua chini kikapu cha mayai. Akamwinua kwa mkono, akaingia jikoni kuteleka maji, ili ile michembe waile wote pamoja ikiwa ya moto.